Runinga na Msamiati wa Kiswahili katika Darasa la Awali: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Kanda ya Ziwa

## Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu darasa la awali la shule moja ya msingi ya serikali, katika kijiji cha wakulima wa pamba na wafugaji kilichoko Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Majina ya shule, kijiji na wahusika yameondolewa, pamoja na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu. Mwandishi alishirikishwa kama mshauri wa ufundishaji wa elimu ya awali, akawa analitembelea darasa mara kwa mara katika mwaka mmoja wa masomo na kupokea maelezo ya walimu kwa siku ambazo hakuwapo.

Lugha ya nyumbani kijijini hapo ni Kisukuma. Mtoto huanza darasa la awali akiwa na miaka mitano, akijua Kiswahili cha salamu, cha kutumwa dukani na cha nyimbo za kanisani, na tangu siku ya kwanza hicho hicho Kiswahili kinakuwa lugha ya kumfundishia kuhesabu, kuchora, kujitunza na kusikiliza hadithi. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, hali isiyo ya ajabu katika shule za vijijini tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima na ada kufutwa kuanzia 2016. Mwalimu mwenye cheti alikuwa mmoja, mzaliwa wa mkoa wa pwani asiyejua Kisukuma, na alisaidiwa na mwalimu wa kujitolea, binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, ambaye wazazi walimchangia posho ndogo.

Runinga ya inchi 32 ilitolewa na watu waliosoma shuleni hapo zamani na sasa wanaishi mjini. Ilikuja na flashi yenye vipindi vingi vya katuni za kielimu kwa Kiswahili, vilivyolengwa kwa watoto wa umri wa awali. Mwalimu mkuu aliamua itumike kwanza darasa la awali, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya mtu anayekijua kijiji chake: watoto wengi walikuwa tayari wanakwenda kwenye vibanda umiza jioni kutazama sinema za mapigano zilizotafsiriwa na madijei, wakirudi na maneno ambayo hakuna mzazi aliyeyataka. Kama runinga ilikuwa na uwezo wa kuwafundisha hayo, alisema, basi ingeweza kuwafundisha na mengine.

Matumaini hayo yalikuwa na msingi. Kipindi cha Sesame Street kilianza kurushwa Marekani mwaka 1969, na mwaka 1990 Mabel Rice na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliokitazama kati ya umri wa miaka mitatu na mitano walikuwa na ongezeko kubwa zaidi la msamiati, hata baada ya kuzingatia tofauti za elimu ya wazazi. Tanzania yenyewe imekuwa na Kilimani Sesame, kisha Ubongo Kids iliyoanza kurushwa mwaka 2014, na baadaye Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Kwa hiyo walimu hawakuwa wakibahatisha walipoamini kwamba katuni zinaweza kufundisha. Jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria, na ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu, ni kazi ipi hasa katuni inaifanya na ipi inaiachia mwalimu.

## Awamu ya kwanza: kutazama kwa wingi

Mwanzoni runinga iliwekwa juu ya meza mbele ya darasa, watoto wote wakaketi sakafuni, na vipindi vikachezwa kimoja baada ya kingine kwa takribani saa nzima kila siku umeme ulipokuwepo. Kila siku kilichaguliwa kipindi kipya, kwa hoja kwamba vipindi vingi vingeleta maneno mengi. Mwalimu aliutumia muda huo kusahihisha madaftari na kuandaa kazi za saa inayofuata. Hilo halistahili kulaumiwa kwa haraka, kwani mwalimu wa watoto themanini ambaye kwa mara ya kwanza amepata saa moja ya utulivu ana haki ya kuitumia.

Mahudhurio yalipanda na nyimbo zikaenea. Baada ya wiki chache mtu aliyepita kando ya kisima cha shule angewasikia watoto wakiimba wimbo wa rangi na wimbo wa maumbo kutoka mwanzo hadi mwisho, tena kwa matamshi yaliyoufurahisha uongozi wa shule. Katika mkutano wa wazazi nyimbo hizo ziliimbwa kama ushahidi wa mafanikio, na wazazi kadhaa wakaomba viongezwe vipindi vya Kiingereza.

Tatizo lilijitokeza wakati wa zoezi dogo la vizibo vya soda, ambavyo darasa lilivitumia kuhesabia. Mtoto mmoja wa kike, mwimbaji hodari kuliko wengi, aliombwa alete kizibo cha kijani kutoka kwenye rundo lililochanganyika. Alikwenda akiimba wimbo wa rangi, akachukua chekundu, akakikabidhi, na hakukatisha wimbo hata pale ambapo neno "kijani" lilipita kinywani mwake. Mwalimu aliwaita wengine mmoja mmoja, akapata hali hiyo hiyo kwa wengi. Walikuwa na wimbo kamili, wenye sauti zote za maneno katika mpangilio wake, lakini kwa sehemu kubwa ya watoto sauti hizo hazikuwa zimefungamana na kitu chochote.

Baada ya hapo walimu wawili, kwa msaada wa mwandishi, walitengeneza kipimo chepesi kwa kutumia picha na vitu halisi. Kwa kila neno mtoto aliulizwa mambo matatu kwa nyakati tofauti: aonyeshe kitu kinachotajwa, akitaje mwenyewe anapokiona, na kisha afanye au aombe jambo linalolihitaji neno hilo nje ya muktadha wa katuni. Ulitokea mjadala kuhusu matamshi, kwa kuwa watoto wengi wa Kisukuma hutamka r kama l, na mwalimu kutoka pwani alielekea kumhesabia mtoto kosa aliposema "kalanga". Ilikubaliwa kwamba kipimo kilihusu maana, na kwamba mtoto anayesema "kalanga" huku akiwa ameshika karanga analijua neno. Bila makubaliano hayo, kipimo kingepima lafudhi.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kupunguza. Badala ya saa nzima, kilichaguliwa kipande cha takribani dakika kumi, na kipande hicho hicho kikarudiwa siku kadhaa katika wiki. Mwalimu mkuu alihofia kwamba watoto wangechoka, lakini uzoefu wa watengenezaji wa vipindi unasema vinginevyo. Kipindi cha watoto cha Blue's Clues kilipoanza Marekani katika miaka ya 1990, kipindi kimoja kilirushwa siku tano mfululizo, na watafiti waliokifuatilia waliona watoto wakizidi kushiriki na kujibu kadiri walivyokuwa wakikirudia. Darasani hapa hali ilikuwa hivyo hivyo: siku ya kwanza watoto walitazama kwa mshangao na kimya, siku ya tatu walikuwa wakiwatangulia wahusika kusema.

Sambamba na hilo, kila wiki ilipewa maneno sita tu. Walimu waliiona idadi hiyo kuwa ndogo mno hadi walipoelezwa kuhusu jaribio la Rice na Woodsmall la mwaka 1988, ambamo watoto walionyeshwa katuni fupi yenye maneno mapya 20. Watoto wa miaka mitano walipata kwa wastani karibu maneno matano, na wa miaka mitatu hawakufikisha mawili, na hao walikuwa watoto waliokuwa wakisikiliza lugha yao ya nyumbani. Kudai maneno mengi zaidi kwa mtoto anayeisikiliza lugha ya pili, akiwa ameketi safu ya tisa, hakukuwa na mantiki.

Safu ya tisa ndiyo iliyoleta uamuzi wa pili. Mwandishi aliketi nyuma ya darasa siku moja na kuthibitisha kwamba kutoka hapo kikapu kwenye kioo cha runinga kilikuwa doa la kahawia. Darasa liligawanywa makundi mawili: moja likitazama, jingine likiwa nje chini ya mwembe na mwalimu wa kujitolea, kisha yanabadilishana. Mgawanyo huu uligharimu utulivu wa mwalimu, kwa kuwa sasa ilimbidi arudie kipande kile kile mara mbili kwa siku, na kwa muda alilalamika kwamba runinga iliyoletwa kumpunguzia kazi ilikuwa imemwongezea. Lalamiko hilo lilikuwa sahihi, na mtu yeyote anayepanga jambo kama hili anapaswa kulisikia mapema.

Uamuzi wa tatu ulihusu rimoti. Mwalimu alifundishwa kusimamisha picha mara tatu au nne katika kipande, hasa pale ambapo mhusika anauliza au anakaribia kufanya jambo, awaulize watoto, apokee jibu na kulirefusha kabla ya kuendelea. Mtoto akisema "kikapu", mwalimu anasema, "Ndiyo, kikapu chake kimejaa nini?" Msingi wa uamuzi huu ni utafiti wa Gabrielle Strouse na wenzake wa mwaka 2013, ambamo wazazi waliofundishwa kusimamisha video na kuuliza maswali waliwapatia watoto wao wa miaka mitatu msamiati mwingi kuliko wale waliotazama bila mazungumzo ya namna hiyo. Wazazi katika utafiti huo walikuwa na mtoto mmoja kila mmoja, ilhali hapa palikuwa na watoto arobaini kwa mara moja, hivyo mwalimu alipanga nani ataulizwa siku gani, ili wale wachangamfu wasijibu peke yao kutwa nzima.

Uamuzi wa nne ulibishaniwa zaidi. Mwalimu wa kujitolea alipendekeza kwamba kabla ya kutazama awaeleze watoto kwa Kisukuma, kwa dakika moja au mbili, watakachokiona. Mwalimu mkuu alikataa, akihofia kuulizwa na wathibiti ubora kwa nini darasa linafundishwa kwa lugha isiyoruhusiwa. Hatimaye iliafikiwa kwamba utangulizi huo ufanyike kwa Kisukuma mara moja tu mwanzoni mwa wiki, na kila kinachofuata kiwe kwa Kiswahili. Kwa maoni ya mwandishi huu ndio uamuzi uliozaa matunda mengi kwa gharama ndogo, na mfano wa neno "mizani" unaonyesha sababu.

Kipande cha wiki hiyo kilihusu sokoni, na maneno yaliyolengwa yalikuwa kikapu, fungu, mizani, chenji, pima na chagua. Katika katuni mizani ilikuwa chombo kidogo cha mezani chenye namba zinazowaka. Watoto waliitazama bila kusema neno, na mwalimu akaandika kwamba "mizani" ni neno geni kabisa kwao. Mwalimu wa kujitolea, ambaye baba yake huuza pamba, alishangaa. Aliwauliza kwa Kisukuma nini huning'inizwa kwenye boriti wakati wa kununua pamba, na darasa zima likapiga kelele, "Mizani!" Walikuwa nalo muda wote, ila likiwa limeshikamana na kulabu, kamba na vumbi la ghala, hivyo picha ya chombo cha dukani haikuwakumbusha. Kwa baadhi ya watoto, kazi ya wiki hiyo ikawa kulipanua neno walilokuwa nalo, kazi ambayo katuni peke yake isingejua hata kwamba inahitajika.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kuvipeleka vitu vya kipande kwenye kona za ujifunzaji, ambazo mtaala wa awali unazitaka hata hivyo. Kwa wiki ya sokoni kona ya duka iliwekewa vikapu vidogo vya ukindu, mafungu ya mawe na mbegu, na mizani iliyotengenezwa kwa fimbo, kamba na makopo mawili ya maziwa. Watoto walicheza hapo saa ya michezo bila kuelekezwa sana.

## Kukatika kusikopangwa

Katikati ya mwaka runinga ilihamishiwa ofisi ya walimu wakati wa mashindano ya kandanda na haikurudi darasani kwa wiki kadhaa. Mwalimu wa awali alikasirika, na alikuwa na haki, lakini kwa mchambuzi kipindi hicho kilikuwa na thamani. Shughuli nyingine zote ziliendelea: maneno sita kwa wiki, utangulizi kwa Kisukuma, kona, maswali. Kilichokosekana ni picha peke yake.

Mambo mawili yalionekana. Maneno ya wiki zilizotangulia hayakuporomoka, mradi vitu vyake vilikuwa bado kwenye kona. Mtoto hakuihitaji katuni ili kulikumbuka neno "fungu" ilhali mafungu yenyewe yalikuwa mbele yake. Hata hivyo maneno mapya yaliyofundishwa bila runinga yaliingia kwa shida zaidi, hasa yale ya mambo yasiyopatikana kijijini. Mwalimu alijitahidi kueleza "bandari" kwa kuchora ubaoni, na baada ya wiki nzima watoto wengi waliamini kwamba bandari ni aina ya mtumbwi. Runinga ilipokuwepo, tukio lenye mwendo, sauti na mwanzo na mwisho lilimpa kila mtoto jambo moja la pamoja la kulizungumzia, na hilo ubao haukuweza. Kwa hiyo hoja ya baadhi ya walimu wenzake, kwamba kumbe runinga haikuwa na kazi na kona ndizo zilizofundisha, haikuthibitishwa na yaliyoonekana.

## Matokeo

Kipimo kilirudiwa kabla ya likizo na tena watoto waliporudi, kwa kuwa neno linalojulikana Ijumaa ya wiki lilipofundishwa halithibitishi mengi. Majina ya vitu vilivyokuwa kwenye kona yalibaki kwa watoto wengi, kwa kuelewa na kwa kutamka. Vitendo vilivyochezwa kwa mwili au kwa mikono, kama pima, mimina, kunja na chagua, vilibaki vilevile na kwa baadhi ya watoto vilikuwa imara kuliko majina. Majina ya vitu vilivyoonekana kwenye kioo tu yalieleweka zaidi ya yalivyotamkwa: mtoto aliweza kuonyesha picha ya meli, lakini alipoulizwa ataje alinyamaza au alitaja mtumbwi.

Dalili iliyowaridhisha walimu zaidi haikutokana na kipimo. Mvulana mmoja aliyekuwa mkimya tangu Januari alikuwa amekaa kona ya duka akiuza mawe. Mwenzake alimpa vizibo vitano kwa fungu la vizibo vitatu na kuanza kuondoka. Mvulana akamwita: "Wewe, chukua chenji yako!" Mnunuzi akarudi, akahesabu, akalalamika kwamba amepunjwa. Neno "chenji" hapo lilikuwa limetoka kwenye katuni, likapita mdomoni mwa mwalimu, na sasa lilikuwa likiendesha biashara ya watoto wawili ambao hakuna mtu mzima aliyewauliza chochote.

Maneno ya uhusiano yalishindikana. "Kati ya", "kando ya", "kabla" na "baada" yalirudiwa katika vipande vingi vya katuni, tena kwa michoro mizuri, lakini watoto wengi hawakuweza kuyafuata walipoagizwa kitu darasani. Pia walikuwepo watoto wasiopungua kumi, wengi wao wenye mahudhurio mabovu wakati wa kilimo na kuchunga, ambao hawakuonyesha tofauti yoyote ya maana.

## Uchambuzi: yaliyofaa na yaliyokwama

Ni lazima kwanza kusema kwamba hapakuwa na darasa la kulinganisha. Mtoto wa miaka mitano anayekaa mwaka mzima katika darasa la Kiswahili atapata maneno mengi hata kama hakuna runinga kabisa, na haiwezekani kudai kwamba ongezeko lote lilitokana na mpango huu. Kinachoweza kudaiwa kwa uhakika zaidi ni tofauti kati ya awamu ya kwanza na zilizofuata, kwa sababu watoto, mwalimu na katuni vilikuwa vile vile.

Tofauti hiyo haikuwa ya wingi wa kutazama, kwa kuwa muda wa kutazama ulipungua sana. Katika awamu ya kwanza mtoto alipokea sauti na picha kwa kasi ya mtengenezaji wa kipindi, na alichokishika ni kile kilicho rahisi kushika kwa kasi hiyo, yaani mdundo na mpangilio wa sauti. Wimbo ni kihifadhi kizuri cha maneno, ila unaweza kuyahifadhi yakiwa yamefungwa, kama ambavyo watu wazima wengi huimba nyimbo za lugha wasizozijua. Kusimamisha picha kulivunja mtiririko huo na kumlazimisha mtoto kulitoa neno nje ya wimbo, alitumie kwa jambo moja dogo, kisha arudi.

Uchaguzi wa kipande nao ulikuwa na uzito. Flashi ilikuwa na vipindi vya aina mbili: vile vyenye hadithi, ambamo mhusika humgeukia mtazamaji, humuuliza na kumsubiri, na vile vya mchanganyiko wa nyimbo na rangi zinazobadilika haraka. Watoto walivipenda vya aina ya pili, lakini kipimo kilivipendelea vya kwanza. Jambo hili linalingana na walichokiona Deborah Linebarger na Dale Walker katika utafiti wao wa 2005 kwa watoto wadogo zaidi, ambapo vipindi vyenye masimulizi na vinavyomshirikisha mtoto moja kwa moja vilihusiana na msamiati mkubwa, ilhali kipindi cha Teletubbies kilihusiana na msamiati mdogo.

Suala moja halijadiliwi sana na wanaoandika kuhusu runinga za Marekani, kwa kuwa Kiingereza hakiwalazimishi kuliona. Katuni za kufundisha maneno huuliza "Hii ni nini?" kwa kila kitu kinachoonyeshwa. Swali halina kosa, lakini mtoto anayelijibu kutwa kwa neno moja, "kikapu", "fungu", "mfuko", hasikii kikapu hiki, fungu hili, mfuko huu. Katika kipimo cha kwanza watoto waliojua neno "kikapu" walisema "kikapu ile" na "vikapu moja", na mwalimu alidhani hawajaelewa wingi. Ukweli ni kwamba hawakuwa wamepewa nafasi ya kuusikia upatanisho wenyewe. Mtoto Msukuma hahitaji kufundishwa kwamba majina yana ngeli, kwa sababu lugha yake inazo. Anahitaji kusikia ngeli za Kiswahili zikifanya kazi mara nyingi, zikiwa zimeambatana na kitu anachokiona. Mwalimu alipoacha "Hii ni nini?" na kuanza kuagiza, "Niletee vile vikapu viwili", "Fungu hili ni kubwa kuliko lile", upatanisho ulianza kujitokeza katika mazungumzo ya kona ya duka bila somo lolote la sarufi. Watengenezaji wa vipindi vya Kiswahili wangefanya vyema kulizingatia hili tangu hatua ya kuandika maneno ya wahusika, kwani gharama yake ni ndogo mno.

Kushindwa kwa maneno ya uhusiano kunaelezeka pia. Kioo ni bapa. Sungura akiwa "kando ya" mti kwenye katuni, mtoto anaona michoro miwili iliyogusana, na haoni sababu ya kulitofautisha neno hilo na "mbele ya" au "karibu na". Vitu vya kona havikusaidia kwa sababu kona ilikusanya vitu bila kuvipangia mahali. Walimu walipojaribu kutumia foleni ya uji, ambako nafasi ya mtoto ina maana kubwa kwake, watoto walielewa "kati ya" na "kabla ya" ndani ya siku chache. Hapa runinga haikuwa chombo kinachofaa, na kuilazimisha kulikuwa kumepoteza wiki.

Kuhusu ombi la wazazi la vipindi vya Kiingereza, shule iliamua kusubiri. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili kwa watoto hawa, kikiwa pia ndicho watakachosomea masomo ya shule ya msingi, na kugawanya dakika kumi kwa lugha mbili kungezifanya zote zipwaye. Wazazi hawakuridhika wote, na hofu yao haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa wanajua kwamba sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Walichoelezwa ni kwamba mtoto aliye na maneno mengi na maana zake katika lugha moja ana mahali pa kuyaning'iniza ya lugha nyingine.

Upande mwingine uliohitaji msimamo ni wa wadogo zao. Watoto wa awali walikuja na wadogo wa mwaka mmoja na miwili migongoni, kama ilivyo kawaida kijijini, na wadogo hao walikaa mbele ya kioo pamoja nao. Baadhi ya wazazi walifurahi, wakidhani wanaanza kusoma mapema. Utafiti wa Judy DeLoache na wenzake wa 2010 ulionyesha kwamba watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video ya maneno kwa wiki nne hawakujifunza zaidi ya wasioitazama, na waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa maneno hayo wayafundishe wenyewe katika shughuli za kila siku. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa kutazama kioo cha runinga kwa mtoto wa umri wa mwaka mmoja. Wadogo walipelekwa chini ya mwembe, na wazazi wakashauriwa kuzungumza nao kwa Kisukuma kadiri wawezavyo.

## Hali ilivyoachwa

Mwalimu wa awali ameandaa daftari lenye vipande vilivyochaguliwa, dakika vinapoanzia na kuishia, mahali pa kusimamisha, maneno sita ya kila kipande na vitu vinavyohitajika kwenye kona, ili atakayempokea asianze upya. Maneno ya uhusiano yameondolewa kwenye ratiba ya runinga na kuhamishiwa foleni ya uji na michezo ya uwanjani. Flashi sasa inafungiwa kwenye sanduku la zana za darasa. Posho ya mwalimu wa kujitolea bado inategemea michango ya wazazi, ambayo hupungua kila msimu bei ya pamba inaposhuka, na akiondoka utangulizi wa Kisukuma utaondoka naye, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine wa awali shuleni hapo anayeijua lugha hiyo.